Abiria wa Kaburi la Ndandalo

Leonce aliiona bahati yake kwenye simu, akisubiri chipsi mayai pale Kyela mjini. Makala ilisema ua fulani dogo, jeupe lenye jicho jekundu, lina alkaloidi, na kwamba kutokana na alkaloidi hizo hutengenezwa dawa za saratani. Bando likakata kabla makala haijaisha. Leonce hakujali, maishani mwake hakuwahi kuhitaji nusu ya pili ya kitu chochote.

Ua lenyewe alilijua. Alikuwa ameliona Ndandalo, limetapakaa juu ya kaburi moja kati ya migomba. Kesho yake akalifuata na panga. Marehemu hakulalamika, na Leonce, ambaye si mtu wa dhuluma, akamwachia mche mmoja wa kujifariji. Iliyobaki akaipakia kwenye pikipiki yake. Pikipiki hiyo ilikuwa mali pekee aliyowahi kuilipia hadi senti ya mwisho, na aliipenda kuliko ndugu zake, ambao hata hivyo hawakuwa wakipokea simu zake.

Akashuka nayo hadi Matema, kwa Jubilate, mwenye nyumba ya wageni ufukweni, mtu ambaye angepata njia angewatoza wageni hata upepo wa ziwa.

"Bosi, huu si mche, hii ni hospitali," Leonce alimwambia. "Ng'oa kakao zako, panda huu. Majani yote tunanunua sisi, mzigo unavushwa mpaka pale Kasumulu."

"Jirani yangu Nelson umemwambia?"

"Nelson? Mtu asiye na maono?"

Basi, Jubilate akawa ameisha. Wakaanza kupanga utajiri. Saratani yenyewe, na watu wanaoiugua, haikutajwa tena.

Ndipo akatoka jikoni Mama Angetile, mama mkubwa wa Jubilate, na ungo wa mchele mkononi.

"Ugonile, mwanangu," akamsalimu mgeni, akachukua mche mmoja, akapekua udongo wa mizizi na kutoa kipande cha kigae cha bluu. Akakitambua.

"Jubilate, haya ni maua ya mama yako. Niliyapanda mwenyewe kaburini kwake, nikayazungushia vigae hivi. Ungekuwa unakwenda kupalilia, ungeyajua."

Jubilate akapata hamu ya ghafla ya kutazama ziwa. Leonce akapata hamu ya kuondoka, lakini Angetile alikuwa ameshasimama mbele ya pikipiki.

"Hukuiba, mgeni," akasema kwa upole uliotisha. "Umefanya kubwa zaidi. Kwetu, ua la kaburini likihama, na mwenyewe anahama. Njiani hukusikia pikipiki nzito?"

Leonce akakumbuka jinsi ilivyohema kwenye kila kilima. Kwamba mizizi ile ilibeba udongo wa kutosha kujengea kibanda, hilo halikumjia.

"Mdogo wangu Kisa, mama yake Jubilate, yuko hapo nyuma. Amekaa upande."

Leonce hakuthubutu kugeuka. "Anashukaje, mama?"

"Kwa heshima. Maua yarudi, ukoo ulishwe dume la ng'ombe. Mchele atatoa mwanawe huyu. Usipofanya hivyo utambeba popote uendako, na Kisa alikuwa msemaji sana."

Mtu aliyewaongopea maaskari, mapadri na mabenki akashindwa kumtilia shaka mama mzee anayeongea taratibu. Akaiuza pikipiki Kasumulu, kwa mnunuzi mwenye haraka. Kabla ya kuikabidhi aliifuta tangi kwa shati lake, na alilia, tena waziwazi. Kisha akanunua dume.

Siku ya karamu Ndandalo ilinukia wali na nyama. Leonce aliketi na mzee mmoja aliyekuwa akifyonza mfupa kwa bidii.

"Mzee, mila hii hufanyika mara nyingi?"

"Mila gani? Tumeambiwa kuna mfanyabiashara mwenye roho nzuri, katuletea dume. Ndaga fijo, asante sana kwake."

Leonce akasahau kutafuna. Akainuka, akamfuata Angetile, aliyekuwa akirudishia mche wa mwisho kaburini.

"Mama, mila hii ilianza lini?"

"Siku uliyoshuka kwenye pikipiki." Hakucheka. "Mdogo wangu alikuwa na saratani. Akaja mtu mwenye maneno kama yako, akamwuzia majani haya achemshe anywe. Mdogo wangu akaacha hospitali. Daktari alituambia baadaye: ni kweli dawa hutoka humu, lakini huchujwa kiwandani na kupimwa kwa makini mno. Majani yenyewe ni sumu. Nikayapanda hapa nisije nikasahau. Yule mtu sikumpata. Nimekupata wewe."

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya makala. Leonce aliona aibu, aibu ya kweli, kitu ambacho hakukizoea na hakujua akiweke wapi.

"Rudi ukale," Angetile akasema. "Umelipa."

Akala, akanawa, akashika njia kwa miguu. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyempigia hata honi. Alitembea akijikuta anatamani abiria wa nyuma, hata kama ni Kisa, hata akiongea njia nzima.