Kigari Kwenye Orodha ya Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni
Mgongo umekwisha. Mwanangu ananenepa, namshukuru Mungu, ila mbeleko haina huruma. Leo nimeshona blauzi tatu za sari huku nimembeba. Ni za binti wa tajiri wangu, anaolewa Jumapili. Harusi ya Kihindi, wageni kama siafu! Wasije wote na birika, duka la vyombo limemfungulia orodha kwenye simu: mgeni anachagua zawadi, analipa, duka linapeleka. Bibi harusi kucha zilikuwa hazijakauka rangi, basi yeye akataja, mimi nikaandika. Sufuria. Mashuka. Pasi. Kigari cha mtoto.
Hicho hakukitaja.
Hesabu yangu ni hii. Kigari kitaletwa, watasema duka limekosea, watatafuta mwenye mtoto. Hapa kwetu kwenye duka la ushonaji mwenye mtoto nani? Sijaiba. Nimeandika tu.

Jumanne, 4 Juni
Karani wetu, tunayemwita Miwani, ameiona orodha. Akakohoa. Akasema kumbe ndiyo maana harusi ina haraka. Sikumwelewa, mpaka nilipokuwa nambadilisha mwanangu nepi. Kigari! Kabla ya ndoa! Wanadhani bibi harusi ana mimba.

Jumatano, 5 Juni
Nimeazima simu ya bibi harusi, eti nitazame picha ya mshono. Kigari hakifutiki. Kimeshalipiwa! Mchana akaja shangazi wa bwana harusi, akamwangalia bibi harusi tumbo kwa jicho la kupima kitambaa. Kisha akaninong'oneza niache nafasi kwenye blauzi. Ningefanyaje? Mtu mzima kasema. Nikaacha nafasi.

Ijumaa, 7 Juni
Blauzi imepwaya kama gunia. Bibi harusi akauliza kulikoni. Miwani akadakia, fundi anayo siri. Tajiri akafunga mlango. Tajiri akifunga mlango mchana, kuna mtu anakwenda kwao.
Akasema, "Upande wa pili wanataka kuahirisha. Aliyeandika kigari aseme sasa hivi."
Mwanangu alikuwa amelala kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Mdomo ukanitangulia.
"Mtoto alibonyeza, mama."
Hata kukaa hajui, maskini. Tajiri alimtazama, akanitazama, akampigia shangazi simu mbele yetu, akamwambia hivyo hivyo. Harusi ipo. Kazi yangu, sijui. Nimembusu mwanangu mpaka akakasirika. Kumsingizia mtoto wa watu! Wangu mwenyewe!

Jumapili, 9 Juni
Wameoana. Blauzi imekaa mwilini kama ngozi, nilikesha kuibana. Kigari kipo kati ya zawadi, cha buluu, magurudumu manene. Kumbe amekinunua bibi mzaa baba wa bwana harusi. Kasema ni cha kitukuu, hata akija baada ya miaka kumi, na asikiguse mtu. Nilipiga makofi na wenzangu. Roho iliniuma.

Jumanne, 11 Juni
Tajiri kaniita. Nikajua ndiyo kwaheri, nikaenda na mkasi wangu mfukoni kabisa. Kasema nibaki, mkono wangu anaupenda, ila simu ya mtu nisishike tena. "Wewe na huyo mtoto wako."
Nimelia, nimeshukuru, nimeapa. Mambo ya ujanja basi.
Nyumba ya maharusi ni ndogo, kigari kimewekwa stoo kwetu dukani kumngoja kitukuu. Nimejitolea kukipangusa vumbi. Lakini gurudumu lisilozunguka huganda, kila mtu anajua. Kesho tajiri anakwenda benki. Nitakizungusha kidogo tu uani, na mwanangu ndani, maana kikiwa kitupu utajuaje kama kinabeba?