Fomu ya Mkurugenzi

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, waliopo na waliotoka kidogo, kwamba Idara ya Vibali ilipata swichi mpya ya mtandao, na kuanzia siku hiyo vurugu ikapigwa marufuku.

Swichi yenyewe ni kisanduku chembamba chenye matundu ishirini na manne. Kompyuta zote za ofisi huchomekwa humo ili zisemezane. Fundi wake, Mama Waya, alikifunga kabatini, akakipa jina, akafuta neno la siri la kiwandani ambalo hata wezi wanalijua, kisha akafungua akaunti mbili zenye nguvu zote, yake na ya Mkurugenzi, na nyingine za makarani, za kuangalia tu. Kazi ya saa moja.

Mkurugenzi aliona aibu jambo kubwa namna ile kwisha bila kikao. Akaita kikao. Kikao kikazaa kamati, kamati ikazaa waraka: "Akaunti yoyote isiyo na fomu iliyosainiwa na msimamizi wa mwenye akaunti ifutwe kabla ya saa sita mchana. Fundi atakayebakiza hata moja ajihesabu hana kazi."

Mama Waya aliusoma mara mbili. Ana watoto watatu, na kazi hii aliitafuta mpaka soli zikaisha. Akabisha hodi.

"Shikamoo, bosi. Fomu zote ninazo. Imebaki yako."

"Yangu ya nini? Waraka si nimeutoa mimi?"

"Ndiyo, lakini haukusema isipokuwa wewe."

"Sasa anisainie nani? Juu yangu kuna dari tu!"

"Basi niandikie mstari mmoja, kwamba wewe umeruhusiwa."

"Usinifundishe kazi, mama. Sheria ni msumeno. Tekeleza!"

Saa sita kasoro dakika tano, kwa utiifu usio na doa, akaifuta akaunti ya Mkurugenzi. Akahifadhi mabadiliko, maana swichi ukiizima husahau lisilohifadhiwa.

Saa sita na robo Mkurugenzi alitaka kuchungulia kwenye swichi, kama alivyopenda kila siku, aone nani anafanya kazi na nani anasinzia. Ikamkataa. Akajaribu tena kwa hasira, kana kwamba mashine huogopa tai ya shingoni.

"Umenifuta!"

"Kwa waraka wako, bosi."

"Umefukuzwa!"

Katibu wa kamati akakohoa. "Mheshimiwa, aliyebaki na nguvu humo ni huyu peke yake. Akitoka, hakuna wa kukurudisha. Ni bora ujaze fomu."

Kamati ikaketi kumtafutia msimamizi. Ikaafikiana kwamba msimamizi ni mtu awezaye kumwambia mwombaji "hapana" na mwombaji akasikia. Wakapekua kumbukumbu za vikao vya miaka tisa. Patupu. Mpaka karani mmoja akanyoosha kidole.

"Jumanne iliyopita bibi wa usafi alimkataza Mheshimiwa kupita sakafu ikiwa mbichi. Akazungukia nje. Na mvua ilikuwa inanyesha."

Ikapita kwa kauli moja.

Bibi wa usafi akaitwa, akaja na ndoo yake, akavuta kiti cha Mkurugenzi akakaa. Mkurugenzi akabaki amesimama na fomu mkononi.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa taabu.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unaijua. Haya, unaombea nini?"

"Kufuatilia utendaji."

"Umbeya huo. Na hapa kwenye fomu, 'kubadilisha chochote' au 'kuangalia tu'?"

"Kubadilisha chochote, bila shaka!"

Bibi akamtazama kama mtu anayetazama doa la chai. "Angalia tu kwanza, miezi mitatu. Tukiona mwenendo mzuri, tutakuongeza." Akatia saini, herufi kubwa kubwa. "Sasa mpelekee fundi. Na umwombe kwa adabu, yule ana kazi nyingi."

Mama Waya aliipokea fomu, akaikagua mbele na nyuma, akaiweka chini ya zile nyingine.

Mkurugenzi akamgeukia katibu, akamuuliza kwa sauti ndogo kama uamuzi huo unaweza kukatiwa rufaa.

"Bila shaka, mheshimiwa," katibu akasema. "Rufaa zote hupelekwa kwa msimamizi wako. Ila subiri kidogo, anadeki choo."