Wanawake Saba wa Kamati ya Karata

WANANCHI wote wa Bukene, wenye akili timamu na wengineo, wanatangaziwa kwamba Jumamosi kutakuwa na Mashindano ya Karata ya Wanawake Pekee. Zawadi ni maksai wawili wanaojua jembe. Wanaume wanaombwa wasiwe wanawake siku hiyo.

Tangazo hilo aliliandika Bwana Revocatus, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Michezo ya Kukaa. Alilipiga mhuri mara tatu ili lisikike vizuri, akalibandika kwenye mlango wa ghala la pamba. Wazo lenyewe lilikuwa la Mektilda, mjane mwenye shamba ng'ambo ya reli, lakini wazo la mwananchi likishapigwa mhuri huwa la kamati.

Mektilda alikuwa na sababu. Kila mvua zikianza, yeye husubiri wenye maksai wamalize kwao ndipo wamwazime. Mahindi yake huchipua wakati ya wenzake yanabeba.

Mambo yangeishia hapo. Ila Alhamisi maksai wakaletwa. Revocatus, ambaye naye alilima kwa mkono, akawatazama shingo zao nene, na haki ikamwingia moyoni ghafla kama mwiba. Akaitisha kikao cha dharura.

"Ndugu wajumbe, tunabagua."

"Tunambagua nani, Mwenyekiti?" akauliza Uwesu.

"Sisi."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mektilda akaitwa ajieleze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mna kikao au mna njaa?"

"Mama, kwa nini mnaogopa kucheza na wanaume?"

"Mikono yenu hatuiogopi. Midomo yenu ndiyo inatuchosha. Mwaka jana nimeshika ree ya turufu, karata kubwa kuliko zote, wanaume watatu wamenisimamia mgongoni wananifundisha kuishika! Nikishinda, nimebahatisha. Nikishindwa, nikapike."

"Lakini mkitushinda sisi, ushindi wenu utakuwa na hadhi," akasema Uwesu.

"Hadhi hailimi, mwanangu."

Revocatus akatafakari kwa kina kinacholingana na cheo chake, kisha akatunga Ibara ya Nne: mwanamume yeyote ataruhusiwa kushiriki endapo atajisajili kuwa Mwanamke wa Muda, kwa miezi kumi na miwili isiyofupishwa. Hiyo miezi aliiweka makusudi, wanaume wengine waone haya, yeye abaki na uwanja mpana.

"Na huyo mwanamke wa muda," akauliza Mektilda taratibu, "atahesabiwa mwanamke kwa kila kitu?"

"Kwa kila kitu, mama. Ofisi haina nusunusu."

"Basi andika hivyo hivyo, baba."

Akaandika. Akapiga mhuri.

Wanaume wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu, hakuna aliyesaini. Waliosaini ni wajumbe wote saba wa kamati, Mwenyekiti akiwemo, kila mmoja kwa siri yake, wakakutana Ijumaa kwenye dirisha la usajili wakiulizana habari za nyumbani.

Jumamosi ghala likafurika. Karata zilichezwa wawili kwa wawili, mtu na mwenzake wakitazamana. Mjumbe Masanja alikosa mwenzi, akapangwa na mama mkwe wake. Kwa heshima ya mila akampa mgongo, akawa anatupa karata kupitia begani. Walitolewa saa tatu asubuhi.

Revocatus na Uwesu walifika fainali, wakakutana na Mektilda na Hafsa, fundi cherehani aliyetoka Tabora mjini. Ikabaki karata ya mwisho. Revocatus akawachungulia maksai pale mlangoni, akawapa majina kimoyomoyo, kisha akaitandika mezani saba ya turufu, inayoshindwa na ree tu, kwa kishindo.

Mektilda akashusha ree bila kelele.

"Umebahatisha!"

"Nimebahatisha tangu asubuhi, baba."

Revocatus akasimama, akavuta koti. "Kwa mamlaka niliyopewa, Kamati inaibatilisha fainali hii kwa sababu za kiutaratibu zitakazotafutwa."

Hafsa alikuwa ameshalifungua daftari la kamati. Akasoma kwa sauti: "Ibara ya Kwanza. Wajumbe wote wa Kamati watakuwa wanaume." Akainua macho. "Samahani, mama Revocatus. Kamati iko wapi?"

Wale saba wakatazamana. Kamati haikuwapo.

"Sisi ni... ni wanawake wa muda tu," akasema Revocatus.

"Miezi kumi na miwili," akasema Hafsa. "Isiyofupishwa. Mhuri huu hapa."

Uwesu akapendekeza ibara ifutwe. Hakukuwa na wa kuifuta. Mektilda akafungua kamba, maksai wakamfuata kuelekea relini, Hafsa nyuma yao na fimbo, umati mzima ukiwasindikiza. Walikuwa wamekubaliana kulima kwa zamu. Pale kwenye reli Mektilda akawageukia wale saba.

"Msihuzunike, wanangu. Karibuni kwetu. Ila kwetu mwanamke mgeni haketi na wakubwa kabla hajapika. Watu wote hawa hawajala."

Watu wakapiga vigelegele, sufuria zikasogezwa.

Revocatus alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, macho yamejaa moshi, alipomwona mkewe Recheli amekaa mkekani, miguu ameinyoosha.

"Mke wangu," akanong'ona, "njoo unisaidie."

Recheli akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mke wa nani? Hapa tuko wanawake watupu, dada. Songa ugali huo, una mabuja."