Milo Yangu Sita na Mfungo wa Bi Pindo

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Afya,

Kwanza pokea heshima zangu, pili pokea lawama zangu. Naomba uzipokee kwa mpangilio huo, maana heshima zenyewe si nyingi na nina wasiwasi hazitafika mwisho wa barua.

Mimi ni fundi cherehani. Mke wangu naye ni fundi cherehani. Tunashona katika chumba kimoja, mashine zetu zinatazamana, na nyuma ya pazia ndiko tunakoishi. Wateja wananiita Fundi Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu, na mke wangu wanamwita Bi Pindo kwa sababu hakuna anayekunja pindo kama yeye. Nakueleza haya ili usije ukadhani unaandikiwa na mtu asiye na shughuli.

Miezi michache iliyopita tulikwenda zahanati kupimwa presha. Muuguzi alitutazama sote wawili kama mtu anayetazama nguo isiyomwingia mwenyewe, akatuambia tupunguze uzito na tufanye mazoezi kabla moyo wa mmoja wetu haujachoka. Hakusema moyo wa nani. Tulirudi nyumbani. Tumekuwa pamoja tangu tukiwa vijana wembamba, na sisemi uongo nikisema kwamba hakuna kati yetu anayejua kuishi bila mwenzake. Niliogopa, naye aliogopa. Ndipo tukaligeukia gazeti lenu, na gazeti lenu likachukua mkasi likatutenganisha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mpangilio wa ukurasa wako. Fundi hununua gazeti kwa sababu mbili, kusoma na kukatia. Kabla ya kugusa kitambaa cha mteja, tunakata umbo la nguo kwenye gazeti kwanza, ili tukikosea tumekosea kwako. Wiki moja mtaalamu wenu wa lishe aliandika kwamba anayetaka mwili wa mazoezi ale milo midogo sita kwa siku, ili njaa isimkute hata mara moja. Makala hiyo niliisoma kwenye mgongo wa koti. Wiki iliyofuata, ukurasa uleule, mwalimu wenu wa mazoezi akaandika kwamba anayetaka mwili wa mazoezi asitie kitu mdomoni tangu usiku hadi saa sita mchana, ili tumbo lipumzike. Mke wangu aliisoma hiyo kwenye mkono wa blauzi. Hitimisho la makala zote mbili mlilibana pembeni kule chini, mahali ambapo sisi tunakata kwapa. Likaenda na mabaki, kila mmoja wetu akabaki na imani yake. Nauliza kwa unyenyekevu, ni mhariri gani huyo anayeweka neno la mwisho kwapani?

2. Kazi imeharibika. Mke wangu analalamika kwamba mashine yangu inanuka yai la kuchemsha na kwamba nimeacha alama za karanga kwenye koti jeupe la mfamasia. Sikatai. Mtu mwenye milo sita hana mahali pa kuilia yote isipokuwa kazini. Lakini na yeye kabla ya saa sita mchana hakaribiki. Mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani alishonewa shati lenye mikono miwili ya kushoto, na alipokuja kuuliza kwa adabu zake zote akaambiwa kasoro iko mabegani mwake. Mwalimu wa watu akaenda zake akijipapasa bega. Mteja mwingine aliomba apunguziwe kiuno cha gauni, akapewa hotuba kuhusu watu wanaotaka uzi uwafanyie kazi ambayo mdomo wao umekataa kuifanya. Gauni alilichukua, lakini tangu siku hiyo akipita anapitia upande wa pili wa barabara.

3. Methali. Zamani methali nyumbani kwetu zilikuwa za kulelea watoto. Watoto wamekua, wameoa na kuolewa, na methali sasa tunarushiana sisi. Mimi nikimenya ndizi yangu ya saa nne nasema, haba na haba hujaza kibaba. Mke wangu ananijibu bila kuinua uso kwenye mashine kwamba kibaba anakiona, kimejaa, na kimeanza kugusa meza. Yeye akifungua mfungo wake anasema, mvumilivu hula mbivu. Nami nimemuuliza mara nyingi, kwa nia njema kabisa, kama mbivu hizo ni lazima ziliwe zote kwa mkupuo mmoja. Siku ya kwanza kumuuliza hivyo tulimaliza mchana mzima tukisikiliza pedali tu.

4. Jiko na sahani. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba ukae vizuri. Kabati la chakula limegawanywa kwa chaki ya kushonea. Upande wangu kuna vibakuli sita vyenye vifuniko, kila kimoja kina kitu ambacho paka angekiacha. Upande wake hakuna kitu hadi saa sita mchana, kisha kuna kila kitu. Mimi nikisikia njaa, jiko lake limefungwa. Yeye akipakua, mimi nimekwisha kula karoti yangu na inayofuata bado haijafika zamu. Sisi wawili tangu tuoane tumekula sahani moja. Si kwamba sahani hazikuwepo. Ndivyo tulivyoanza na hatukuona sababu ya kuacha. Alikuwa akinisogezea kipande kizuri akijifanya hakioni, nami nikikirudisha upande wake nikijifanya nimeshiba. Sasa mmoja akila, mwenzake anamwambia karibu, kama mgeni aliyekuja kuchukua nguo. Hata matembezi ya jioni yametushinda. Tulikuwa tukifunga duka na kupanda pamoja kile kilima chenye tangi la maji. Siku hizi mimi lazima nisimame katikati kwa ajili ya mlo wangu wa tano, naye hataki kusimama kwa sababu anawahi kula kabla mfungo wake wa usiku haujaanza. Nauona mgongo wake tu ukipotea kwenye kona. Sipendi kuuona mgongo huo unaenda bila mimi. Nimekaa nao miaka mingi na nimezoea kuwa kando yake.

5. Ukoo umeingia. Mama mkwe wangu amekuja na begi. Kwa akili zake mwanamke anayekataa chai ya asubuhi amegombana na mumewe, basi, hakuna maelezo mengine, na kila siku ananitazama akingoja niombe msamaha. Nimeomba mara mbili ili tupate amani, sijui nimekosa nini. Kaka yangu naye aliitwa kusuluhisha. Alitusikiliza sote wawili kwa makini, akatamka kwamba kila upande una hoja, na kwa kuwa yeye ni mtu wa haki akaamua kufuata njia zote mbili. Sasa anakula milo yangu midogo asubuhi na anafungua mfungo pamoja na shemeji yake mchana. Hajarudi kwake hadi leo. Ndiye mtu pekee katika nyumba hii mwenye furaha, na suruali zake tumekwisha kuziongeza kiuno.

6. Ushindi wangu kunyimwa kutambuliwa. Nimeweka hili mwisho kwa sababu ndilo linalonichoma. Njia yangu imeshinda, na ushahidi ninao. Suruali yangu ya kijivu, ambayo siku ya zahanati ilinibana hadi nikawa nahema nikiinama kuokota pini, sasa inanipwaya. Vidole viwili vinaingia kiunoni bila ubishi. Nilimwonyesha mke wangu. Nilizunguka mbele yake mara moja, nikazunguka tena. Alikuwa na pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Hakubisha, na mwanamke huyu hubisha hata na redio. Kimya chake nimekichukua kuwa ni kushindwa, lakini kushindwa kusikotamkwa hakunisaidii chochote mezani. Nataka atamke, aache mfungo wake, arudi upande wangu wa kabati.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba yafuatayo. Mosi, mchapishe yale mahitimisho mawili katikati ya ukurasa, mbali na kwapa. Pili, mtangaze mshindi mmoja, na awe yule wa milo sita. Tatu, iwapo mtaona aibu kutangaza, basi mtaalamu wa lishe na mwalimu wa mazoezi waletwe hapa kwetu, wapewe kabati letu na chaki yetu, waishi nyuma ya pazia mwezi mzima wakiwa na mama mkwe. Nne, wakitoka humo wakiwa bado kila mmoja anaamini alichokiandika, waozeshwe. Nguo za harusi tutashona sisi, na karamu iwe ya vibakuli sita, ianze saa sita kamili. Tano, ikishindikana hiyo nayo, basi wewe mwenyewe utangaze saa moja ya kula kwa watu wote wanaosoma gazeti lako, ili kusiwe tena na nyumba ambayo mmoja anatafuna na mwingine anahesabu dakika. Najua mhariri hana mamlaka hayo. Lakini hukuwa na mamlaka ya kuingia kabatini mwangu pia, na uliingia.

Kama kielelezo nakutumia suruali yenyewe pamoja na barua hii. Tafadhali iangalieni, mjiridhishe, mpige picha, kisha mnirudishie kwa sababu ndiyo ninayovaa nikienda kwa watu.

Nisalimie wachapaji, na wanaobeba magazeti alfajiri, na yule anayetunga chemshabongo, mwambie namba saba ya wima imetushinda nyumba nzima. Wasalimie na waandishi wako wawili. Sina kinyongo nao kama watu. Nina kinyongo nao kama milo.

Ni mimi msomaji wako, na mkataji wako,

Fundi Futi

Nyongeza: Nilipokuwa naikunja suruali ili iingie kwenye bahasha, niligeuza kiuno ndani nje, mazoea ya kazi tu. Mshono wa nyuma umefumuliwa na kuachiwa ili kiuno kipanuke. Kando yake kuna matundu ya sindano ya mshono wa zamani, na kando ya hayo kuna matundu mengine, maana yake umeachiwa mara mbili. Wengine huujua mwandiko wa wake zao. Mimi najua mshono wa wangu hata gizani. Nikavuta futi iliyokuwa shingoni mwangu, ambayo kwa miezi yote hii imepima mtaa mzima isipokuwa mimi, nikajipima. Ndugu Mhariri, nimeongezeka.

Nimekaa na suruali hiyo mapajani muda mrefu. Nimekumbuka jinsi nilivyokuwa nikirudi kutoka zahanati nikishika kifua kila mara, nikimwuliza usiku kama bado nipo. Akanijibu kwa sindano, na kwa hakika alifanya hivyo asubuhi, akiwa na njaa yake, saa ambazo nilikuwa namwita mkali. Mimi nikaja kuzunguka mbele yake mara mbili.

Basi barua hii usiichapishe. Mshindi usimtangaze, mahitimisho yabaki hukohuko kwapani, na wale wawili usiwaozeshe kwa ajili yangu. Suruali siitumi, nimeivaa. Kesho nitarudi kwa muuguzi anipime kwa mizani yake, na nitamwambia ukweli wote, hata wa karanga.

Nilipofika hapa ilikuwa saa sita, mke wangu akawa anapakua. Nilimwomba niwe nakula naye saa zake kuanzia leo, nikampelekea na vile vibakuli vyangu vyote avimwage atakapo. Alinitazama kiunoni kwanza, halafu usoni, akajua kwamba nimejua. Alirudisha sahani moja kabatini, akasogea kwenye benchi nikae.

Niwie radhi kwa madoa yaliyo chini ya ukurasa huu. Sehemu hii nimeiandika tukiwa tunakula.