Mzazi wa Phelis

Chuo chetu cha hapa Mogogosiek kina fahari kutangaza kwamba tatizo la wanafunzi watu wazima kuacha masomo limekwisha. Limekomeshwa na Kamati ya Kuwabakiza Watu Wazima Chuoni, ambayo mimi ni katibu wake.

Kamati iligundua kwamba watu wazima huacha masomo kwa kukosa nidhamu. Baadhi yao walitaja kazi, watoto na ng'ombe, lakini hawakuleta ushahidi. Basi tukapitisha sheria: atakayechelewa somo la saa mbili asubuhi atarudi nyumbani, wala hatafanya mtihani mpaka alete mzazi. Umri haukutajwa. Sheria nzuri haibagui.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Phelis Nyabate, mkulima wa majani chai mwenye miaka hamsini na mitatu, aliyebakiza mtihani mmoja apate digrii ya ualimu. Lori la kiwanda huchukua majani saa tatu, kwa hiyo lazima achune mapema na kuyapeleka kupimwa. Aliwahi kuomba somo lisogezwe hadi saa nne. Kamati ilipokea ombi hilo kwa heshima zote, ikalikalia.

"Lete mzazi," nikamwambia.

"Katibu, wazazi wangu wako kaburini. Mimi mwenyewe ni nyanya ya watu."

"Hata nyanya alizaliwa."

"Sasa niende nichimbe?"

"Kuna baba wadogo, mama. Ukoo hauishi."

Alinitazama, kisha akacheka. "Hapo umesema, ndugu yangu."

Siku ya kikao cha Kamati alikuja peke yake. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Chuo, Bwana Gichana, kijana wa miaka thelathini na tisa mwenye tai ya hariri.

"Mzazi yuko wapi?" akauliza.

"Ameketi hapo kwa kiti yako, Baba."

Niliomba ufafanuzi. Ikabainika kwamba Gichana na marehemu baba yake Phelis ni wa ukoo mmoja na kizazi kimoja. Kwa mila, miaka si hoja: Gichana ni baba yake mdogo.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," Mkuu akasema. "Hapa ni ofisi."

"Baba, kwa harusi ya msichana wangu ulipewa blanketi ya babu. Uliirudisha?"

"Hapana."

"Na bado unajifunika?"

"Huku kuna baridi," akajibu kwa sauti ya chini.

Angeweza kuifuta sheria, lakini alikwisha kuiripoti wizarani kama mafanikio yake. Tukamwomba ahamie kiti cha wazazi. Mwanakamati Seth Kipsang, ambaye husubiri cheo cha Mkuu kwa uvumilivu, akamhoji.

"Mzee, huyu mtoto unamlea namna gani? Kila asubuhi yuko shambani!"

"Mimi sijamtuma!"

"Anachuna peke yake, na baba yuko?"

Kamati ikaazimia kwa kauli moja kwamba, mpaka mtihani upite, mzazi atafanya kazi za asubuhi za mtoto wake. Mkuu alipinga, lakini mzazi hana kura.

Phelis hakuchelewa tena. Alifanya mtihani, akapita.

Mkuu naye alikuwa ameanza Jumatatu iliyofuata kikao, alfajiri, kikapu mgongoni, tai ndani ya sweta. Nilimsindikiza hadi kituo cha kupimia, kwa ajili ya kumbukumbu za Kamati. Karani wa kituo, Wilkista, aliingiza mkono kikapuni, akatoa konzi ya majani, akaitupa chini.

"Mzee, sisi tunataka majani mawili na chipukizi. Hii ni chakula ya mbuzi. Rudi uchune ingine."

"Dada, nina mkutano chuoni saa mbili. Huwezi kunipimia jioni?"

Wilkista hakuinua macho kutoka kwenye mizani.

"Nyinyi watu wa kazi mbili mnatusumbua sana. Chagua moja."