Ng'ombe wa Manjano Asiye na Kichwa

Jumatatu, 10 Machi

Hilda, umepotea! Miaka miwili hujakanyaga mtaani kwetu Mukendo. Mwanza ndiyo Ulaya? Unapanda gari asubuhi, mchana unakula sato kwangu. Nilikuwaga na mjukuu, sasa nina picha ukutani. Haya, mke mwenzangu. Daftari hili nalificha ndani ya sufuria la sherehe, asilisome mtu ila wewe, siku miguu yako ikikumbuka njia. Mwandiko uvumilie. Dawati sikulikalia hata siku moja. Herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo kanisani, mstari kwa mstari, huku naimba.

Habari yenyewe ni hii. Macho ya dada yangu Nyangi, yule bibi yako wa Butiama, yamefunga. Mtoto wa jicho, yote mawili. Anamwaga chai nje ya kikombe halafu anasema kikombe kimehama. Ijumaa hii madaktari wa macho wanakuja Bunda. Siku moja tu! Majina yanaandikwa mpaka saa sita mchana, basi. Nimemwambia nitampeleka mimi, kwa gari.

Najua, gari ni la baba yako. Lakini yeye yuko Dodoma kikazi, Noah limelala uani kwangu, na aliniachia ufunguo akasema liwe linawashwa lisife. Kwenda Bunda ni kuliwasha pia.

Dereva ni Yusto, jirani yangu, kaendesha malori miaka thelathini. Leo kaliwasha. Balaa! Kwenye dashibodi amewaka ng'ombe wa manjano. Mgongo anao, tumbo analo, mkia anao. Kichwa hana. Nikamwuliza Yusto ng'ombe gani huyo na anadai nini. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema Mama Chrispin, hiyo ni picha ya injini. Akauliza nani kagusa kifuniko cha tangi. Nikasema mimi, jana, nilikuwa nakipangusa vumbi. Na nilikirudisha vizuri, kwa kukilegeza, kama kibuyu cha mtindi. Mtoto yeyote wa mfugaji anajua: ukikaza kibuyu, mtindi unakosa pumzi, kinapasuka.

Yusto akasema petroli si mtindi. Kifuniko kikilegea mvuke unatoka, gari linajua, taa inawaka. Akakizungusha mpaka kikalia ka, ka, ka. Akasema taa haitazimika leo, gari litembee siku mbili tatu, itazimika yenyewe. Ingekuwa inapepesa, hapo ndiyo tusingetoka uani mpaka fundi aje.

Siku mbili tatu! Taa gani hiyo inayonuna kama mkwe?


Jumanne, 11 Machi

Aibu. Nimeoga mara tatu na bado nanuka.

Tulikwenda kujaza mafuta. Nilimkataza Yusto kuzima injini. Hofu yangu likizimwa lisiwake tena mbele za watu. Binti wa pampu, Eunice, akasema bibi, gari linalonguruma mimi silijazi. Yusto akazima bila kunitazama. Nikashuka nisimamie.

Bomba likajaza, likajikata lenyewe. Taf! Nikasema haya mwanangu, sasa nyongeza. Akauliza nyongeza gani. Nikamwambia nimeuza dagaa sokoni miaka ishirini na sita, na sijawahi kupima kopo nikamwachia mteja bila nyongeza. Hata muuzaji mwizi anaongezaga kiganja kimoja! Akasema bomba likijikata ndiyo mwisho, pale juu panaachwa wazi kwa sababu petroli hupanuka na joto. Maneno ya shule. Akageuka kumjibu mteja mwingine. Nikalishika bomba mimi, nikaminya.

Shaaa! Kitenge, viatu, sakafu. Na mkono wa pili nilikuwa na simu, nampigia Dorotea nimwambie niko hapa najaza tangi zima.

Eunice alipiga kelele nikadhani nimeua mtu. Bibi achia bomba! Bibi acha simu! Unataka kutuchoma wote? Akamwaga mchanga. Akakataza mtu yeyote kuwasha gari. Wanaume wanne wakalisukuma Noah mpaka nje, mimi nyuma yake, nimelowa kama aliyebatizwa na mlevi.

Na nani alikuwa wa pili kwenye foleni? Dorotea! Mwenyekiti wa kina mama kanisani, kwenye usukani wa gari alilonunuliwa na mwanawe, kioo kimeteremshwa nusu. Simu inaita pajani mwake. Akaliangalia jina langu, akaniangalia mimi. Hakupokea. Akaninyooshea kidole kwenye kibao cha pale ukutani, kile chenye simu iliyochorwa mstari mwekundu.

Jioni akanipigia, sauti ya asali. Akasema Ijumaa na yeye anakwenda Bunda na kiti kipo, kwa nini asimpitie Nyangi pale Butiama. Nikamwambia asante, Nyangi ana mdogo wake.


Jumatano, 12 Machi

Ng'ombe bado anawaka. Yusto kasema subiri. Nimesubiri mpaka chai ikapoa.

Nikawaza labda kifuniko kina uchafu. Nikakifungua, nikakiosha kwa sabuni ya unga, nikakiweka juu ya paa la gari kikauke. Akaja Yusto. Akasema twende tulitembeze, ndiyo dawa ya taa. Nikapanda mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Tukaenda mpaka Bukima kuchukua furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, Nyangi anawapenda tangu utoto.

Bukima ndiyo nikakumbuka. Nikazunguka gari kama naangalia matairi. Paa tupu.

Nilipaswa kumwambia Yusto. Naandika tena, kwa herufi kubwa: NILIPASWA KUMWAMBIA. Kipya angekipata kesho yake pale mjini. Lakini angesema Mama Chrispin, halafu atikise kile kichwa chake, halafu amweleze mkewe, na mkewe yuko kundi moja na Dorotea. Nikanyamaza.

Jioni nikachagua gunzi nene la mahindi. Nikalichonga, nikalivika nailoni, nikalipigilia kwenye mdomo wa tangi kwa mchi. Mama yetu alizibaga vibuyu vyote kwa gunzi na hakuna tone lililopotea. Limekaa kama limezaliwa hapo. Nikafunga kale kamlango ka nje. Nani ataona?


Alhamisi, 13 Machi

Tumefika Butiama. Mvua njia nzima. Yusto kanusa mara mbili, akauliza hii harufu ya petroli inatoka wapi. Nikamwambia ni kitenge changu cha Jumanne. Akasema Mama Chrispin, hujavaa kile kitenge. Nikamwambia aangalie barabara.

Nyangi alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, kavaa gauni la Krismasi. Kesho ndiyo anatibiwa, kavaa leo! Akanishika uso kwa mikono miwili, akapapasa mashavu. Akasema umekonda. Nikasema sijakonda. Akasema subiri nipone, nitajionea mwenyewe uongo wako. Anasema kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni ng'ombe wake mwekundu, cha pili ni mimi. Nimekubali kuwa wa pili.

Tumekula furu. Akaniuliza kama gari ni zima. Nikasema zima kabisa.


Ijumaa, 14 Machi

Leo nitaandika yote.

Tulitoka saa moja asubuhi. Tukaipita Kiabakari vizuri, Nyangi anaimba. Mbele kidogo gari likakohoa. Likaruka. Ng'ombe akaanza kupepesa. Yusto akasogea pembeni, likazimika lenyewe, kimya.

Akafungua boneti, hakuona kitu. Akazunguka kwenye tangi. Nilitamani ardhi inimeze. Akarudi na nusu ya gunzi mkononi, nailoni inaning'inia. Akauliza nusu ya pili iko wapi. Nikalitazama tangi. Iko ndani, na maji ya mvua ya jana yako ndani. Hakunitukana. Heri angenitukana. Akasema tangi lazima litolewe mafuta yote lisafishwe, akapanda bodaboda kurudi Kiabakari kutafuta fundi.

Tukabaki wawili, mimi na dada, kando ya barabara. Ilikuwa saa mbili na nusu. Muda ulikuwepo. Hilda, muda ulikuwepo!

Saa tatu hivi nikaliona gari la Dorotea linakuja, polepole, shangazi yake kakaa nyuma, kiti cha mbele kitupu. Ningeinua mkono tu. Mkono mmoja. Nilimshika Nyangi begani nikampigisha magoti nyuma ya Noah, nikainama na mimi. Gari likapita. Nyangi akauliza ni nani huyo. Nikasema lori la mchanga.

Fundi Mhoja alikuja saa nne na nusu. Akasema kabla ya yote, mtu asiwashe hata njiti hapa. Akayakinga yale mafuta kwenye ndoo ya bati, akatoa gunzi vipande vipande, kila kipande ananionyesha kama daktari anayetoa risasi. Akamaliza kusafisha, akatia petroli aliyokuja nayo, tukafika Bunda saa saba na nusu. Muuguzi alikuwa anakunja meza. Nikamwomba, nikamshika mkono, nikampa furu waliobaki. Akasema mama yangu, daftari limefungwa saa sita, madaktari wako ndani na wa mwisho, mje Juni. Dorotea alikuwa pale kwenye benchi, kamsindikiza shangazi yake. Aliponiona akasimama akampisha Nyangi akae.

Nyangi akakaa na gauni lake la Krismasi lenye tope la magotini. Tope nililompaka mimi. Halafu akasema kwa kilugha chetu, wasisikie wengine, kwamba lile lori la mchanga lilikuwa na sauti ndogo sana. Akasema mdogo wangu, mimi ni kipofu, si kiziwi.

Halafu akanitafuta mkono akaushika. Hakuuachia mpaka Butiama. Ndicho kinachoniua.


Jumapili, 16 Machi

Kanisani nimelia mpaka kwaya ikakosea. Yusto kafunga kifuniko kipya, ka, ka, ka, na leo asubuhi ng'ombe kazimika mwenyewe kama alivyosema. Nimemwomba radhi. Akasema yameisha, Mama Chrispin, akatikisa kichwa. Dorotea kasema Juni atampeleka Nyangi yeye, tena atamlaza kwake usiku wa kuamkia safari. Nyangi kakubali. Nikasema amina, na nilimaanisha.

Nimejifunza, Hilda. Kiburi ni kibaya. Nimekiona kwa macho yangu haya mazima.

Lakini nimekaa nikafikiri. Kosa lilianzia wapi? Kituo cha mafuta! Nisingekwenda pale Jumanne, Dorotea asingeniona, nisingekuwa na aibu, nisingejificha. Dawa ni kutokwenda tena pale. Juni nitaondoka alfajiri, nimchukue dada yangu kabla Dorotea hajaoga, na mafuta yangu mwenyewe yakiwa tayari. Jana Eunice kakataa kunijazia kwenye madumu ya maji, kasema ni hatari. Sawa, abaki na yake. Wako wanaouza kando ya barabara kwenye chupa, hawana maneno mengi, na nyongeza wanatoa. Tayari nina madumu manne chini ya kitanda. Yusto hajui. Baba yako usimwambie.

Basi njoo, Hilda, usingoje Juni. Ukija pitia mlango wa uani, sato atakuwa jikoni, kula ushibe. Umeme ukikatika na wewe uko chumbani kwangu, toka kwa kupapasa ukuta. Kiberiti usikiwashe. Na dirisha acha nilivyoliacha, wazi, hata mbu wakiingia.