Kocha Mkuu na Msichana Asiyemaliza Mbio

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeitwa ofisini kabla sijamaliza chai. Mama Lusweti, Madam Principal wetu, hachekagi Jumatatu. Amesema timu ya wasichana ya mpira wa vikapu imefungwa muhula mzima, na Jumamosi tunacheza na chuo cha Burnt Forest hapa nyumbani. Tukishinda, nabaki kocha mkuu. Tukifungwa, filimbi inaenda kwa Linet.

Linet! Msaidizi wangu! Mimi ndiye nilimfundisha kushika mpira alipokuwa mwanafunzi hapa. Sasa ana cheti cha ukocha na anaongea na wachezaji kwa upole, jambo ambalo halijawahi kushinda mechi yoyote.

Nikaenda uwanjani na hasira zangu nianze mazoezi. Uwanja umeanikwa mahindi. Ya shamba la chuo, kutoka kikapu hadi kikapu! Mlinzi, Opondo, ameniambia simenti ya kuanikia ni hiyo tu, na nikikanyaga hata punje moja nitaelezana na Madam. Nimerudi nyumbani mapema, mtaa wa West Indies hapa Eldoret. Njambi, mke wangu, ameuliza mbona nimekunja uso. Nimesema ni jua.

Ukweli ni kwamba nimeogopa. Bila hiyo filimbi mimi ni nani? Mwalimu wa useremala mwenye goti bovu. Lazima nipange kitu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango umepatikana. Uwanja una mahindi? Basi nimepeleka timu Kaptagat kukimbia msituni. Mabingwa wanafanyia mazoezi huko kwa sababu hewa ni nyembamba. Wasichana wangu watarudi na mapafu mapya. Linet aliuliza, kwa upole, kama nakumbuka Burnt Forest iko juu kuliko Eldoret, na wale wenzetu wamezaliwa kwenye hewa kama hiyo. Nimemwambia asilete jiografia kwenye michezo.

Ciru, kapteni, alikimbia mpaka kona ya kwanza, akakaa kwenye gogo, akasema hii ni noma. Wote wakakaa naye. Aibu!

Lakini! Hapo hapo kundi la wakimbiaji likapita, na mbele yao msichana mrefu kama nguzo ya stima. Wenzake wanahema. Yeye wala! Nilimfuata hatua chache, goti likakataa, nikampigia filimbi. Akasimama. Anaitwa Chepkorir, na kumbe ni mwanafunzi wetu, mwaka wa kwanza, darasa la upishi. Huyu ametumwa na Mungu.

Jumatano, 8 Oktoba

Opondo ametuachia nusu ya uwanja. Chepkorir amekuja, na ni kweli hajawahi kushika mpira wa vikapu. Aliukumbatia akakimbia nao kama mtu ameiba kabichi. Pia ameniambia, kwa heshima sana, kwamba hajawahi kumaliza mbio hata moja. Yeye huajiriwa kukaa mbele na kuwavuta wengine mpaka mahali ameambiwa. Unyenyekevu gani huu! Wasichana wa siku hizi hawana.

Basi mpango wote ukanijia nikiwa nimesimama hapo. Burnt Forest wana Wangari, mwenye mabega ya mtu aliyekua akipakia magunia ya viazi. Bila Wangari, hao wengine ni kwaya. Chepkorir hatagusa mpira. Atakimbia tu. Kocha wao, Otiende, atafikiri nimepata nyota, atamwambia Wangari amkabe, na Wangari atakimbizwa mpaka aite mamake.

Ciru atakaa benchi kumpisha Chepkorir. Amenuna. Linet amesema Ciru ndiye mfungaji pekee tuliye naye. Nimemwambia aendelee na upole wake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Otiende simu, eti kumjulia hali. Katikati ya salamu nikateleza, kwa makusudi, nikasema nimepata msichana hatari, mrefu, na Mungu amsaidie atakayemkaba. Otiende akabadilisha mada haraka. Kisha akaniuliza goti linaendeleaje. Ameingia box, mtego umenasa!

Jioni nimemweleza Njambi kila kitu. Aliendelea kumenya viazi, halafu akauliza: huyo msichana akishawavuta wenzake mpaka hapo ameambiwa, yeye huenda wapi? Nimemwambia ashughulikie duka lake, mambo ya mpira aniachie mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikukuu ya kupanda miti. Madam ametugawia miche, kila mtu na jembe lake. Nimechimba karibu na Chepkorir ili nimpe maagizo ya mwisho. Aliniuliza awavute mpaka wapi. Nimesema mpaka Wangari aishiwe nguvu kabisa. Akaitikia, akamwagilia mche wake maji, hakuuliza lingine. Mchezaji wa kutumainiwa!

Jumamosi, 11 Oktoba

Wueh. Ngoja nipumue niandike.

Uwanja ulifagiliwa. Madam kiti cha mbele. Mechi ikaanza, Chepkorir akaondoka, Wangari nyuma yake. Kona hii, kona ile, chini ya kikapu, kando ya mstari. Otiende anapaza sauti Wangari asimwache hata hatua moja. Mpira wenyewe ulikuwa upande mwingine kabisa! Kufika mapumziko tuko sare, na Wangari amebadilika rangi. Hata Linet alinipa mkono. Nilikuwa na furaha, sitaficha.

Robo ya mwisho ikielekea kwisha, Wangari akainama akashika magoti. Chepkorir akamtazama, akaona ameishiwa, akatoka uwanjani. Mchezo unaendelea! Akavaa trakisuti yake akaelekea jikoni. Na Wangari, kwa vile aliambiwa asimwache, akamfuata.

Sikungoja kitu. Nikawakimbilia, na goti langu hivyo hivyo. Nimewakuta nyuma ya jikoni, Chepkorir anakunywa chai, Wangari amelala kwenye nyasi. Nikamuuliza anafanya nini huku. Akanishangaa kweli.

"Kocha, nimemvuta mpaka pale ulisema," akaniambia. "Kumaliza ni kazi ya wengine."

Kumbe! Hiyo ndiyo kazi yao, hawa wa kukaa mbele. Wakishavuta, hutoka barabarani wakaenda zao. Nikambembeleza arudi. Nikapiga goti, lile zima. Nikiwa hapo chini nikasikia kelele kubwa kutoka uwanjani.

Tumeshinda! Kwa kikapu kimoja! Nimeambiwa, maana sikuona. Linet alimwingiza Ciru kabla Otiende hajajua mtu wake amepotelea wapi, na Ciru akafunga na kununa kwake kote. Nikarudi mikono juu, tayari kwa pongezi. Madam Principal alikuwa ananingoja. Alikuwa anacheka.

"Wachira, timu imeshinda ukiwa nyuma ya jikoni," akasema. "Sitaki kuharibu mpango ambao umefanya kazi."

Nikamkumbusha ahadi yake, kwamba tukishinda nabaki. Akaniuliza ni kocha yupi alikuwa uwanjani tukishinda. Filimbi nimeivua mwenyewe, nikampa Linet mbele ya watu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani kila mtu ananipongeza kwa ushindi. Hiyo imeniuma kuliko kufungwa. Mahubiri sijui yalihusu nini.

Mchana Linet akaja nyumbani na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa ambayo hupewa mabingwa wakirudi. Amesema kumchosha Wangari ilikuwa akili yangu, na hiyo haipotei. Anataka niwe msaidizi wake.

"Lakini mimi nitazidi kukuita Kocha," akasema. "Siwezi kukuita jina lingine."

Nimenywa bakuli nzima. Machozi yalinitoka kidogo. Nimemwambia Njambi ni ule mkaa wa kwenye mursik. Nimeapa mbele yake: mipango imekwisha. Nitamfuata Linet, nitabeba mipira, nitanyamaza. Njambi akasema amina, akaenda kufungua duka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya kwanza ya kocha msaidizi. Nimefika kabla ya wote, mtiifu kabisa. Uwanja umeanikwa mahindi tena. Linet akasema, kwa upole, tupumzike leo.

Basi nikaenda Kaptagat kidogo. Kupunga hewa tu.

Nimeona msichana anaruka viunzi na maji. Haguswi na kiunzi! Hapunguzi mwendo! Fikiria mtu huyo uwanjani: mchezaji akisimama mbele yake kumkaba, anamruka, anaenda zake. Na ni wetu, anasoma useremala darasani kwangu, sijui nilikuwa naangalia wapi. Linet sijamwambia. Kufika Krismasi ile filimbi itakuwa shingoni mwangu.

Na safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimemuuliza kwanza kama yeye humaliza mbio. Amesema humaliza, kila mara. Sasa shida iko wapi?